Benchi la Chini ya Dirisha

Tuanze na ukweli ili tusisumbuane mbele ya safari: pale klabu ya drafti hapakuwa na mtu aliyempenda Refa. Walimwogopa, walimtii, walimsengenya mpaka mate yakawakauka, lakini kumpenda, hapana. Na mwenyewe alijua. Asubuhi ya mashindano alipofika na ufunguo wake wenye kamba nyekundu, wachezaji kumi na sita waliokuwa wakipiga soga mlangoni walinyamaza kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Aliwapita, akafungua, akaanza kupanga meza.

Siku nyingine zote alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule katika chumba kimoja mtaa wa pili. Wazazi walimpelekea kazi kwa sababu mshono wake haufumuki, si kwa sababu ya uso wake. Ukimwambia sketi iwe ndefu kidogo, atakuuliza kidogo ni sentimita ngapi. Ukisema hujui, anakurudishia kitambaa chako. Marehemu mumewe aliishi naye miaka ishirini na mbili bila ugomvi hata wa siku moja, na majirani wana maelezo yao: yule bwana alikuwa akifuata kanuni.

Klabu ilikuwa karakana ya baba yake, fundi viatu, na mpaka leo chumba kile kinanuka gundi. Yule mzee ndiye aliyeanzisha mashindano, akachonga kete kwa mkono wake, na akaandika kanuni kwa rangi ya viatu kwenye ubao uliopigiliwa misumari juu ya mlango. Kanuni zenyewe si nyingi. Ya kwanza, kula ni lazima. Ukiwa na kete ya kula ukasahau, ukacheza nyingine, mpinzani wako ana haki ya kuipuliza ile iliyosahau: anaiokota, anaipuliza kama mtu anayefuta vumbi, anaiweka pembeni. Lakini lazima aone kabla hajacheza zamu yake. Akishagusa kete yake, basi, kimepita. Halafu ikaja kanuni iliyowauma watu zaidi: asiyecheza asiseme, asikohoe, asikonyeze. Anayeashiria atoke nje, na aliyefaidika ameshindwa. Ya mwisho ilimhusu refa peke yake, na kwa kuwa haikuwahi kutumika, wengi waliisahau: refa akivunja kanuni, ufunguo aukabidhi kwa bingwa wa siku hiyo.

Refa alizishika kanuni zile kuliko baba yake alivyozishika. Fainali ikichezwa, yeye alisimama kwenye kichwa cha meza namba moja, mgongo kwa watazamaji, uso kwa dirisha, ili asije mtu akasema alikuwa akitazamana na fulani. Kamba ilivutwa nyuma yake na hakuna aliyeruhusiwa kuivuka. Aliyekohoa alitolewa nje. Na nje, chini ya lile dirisha la nondo, palikuwa na benchi la ubao wa jengo, ambalo watu walilipa jina la benchi la wakohozi.

Mkazi wa kudumu wa benchi lile alikuwa Msoma Mita, mzee aliyestaafu kazi ya kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Miaka minne nyuma alikohoa kwenye nusu fainali. Refa akamtoa. Mzee akasema ana kifua, akamwonyesha na chupa ya dawa. Refa akasema dawa si hoja, aombe radhi ndipo arudi. Mzee akasema hawezi kuomba radhi kwa ajili ya mapafu yake. Wote wawili ni vichwa vigumu, kwa hiyo kila mwaka mzee alikuja na mto wake wa kukalia, akakaa nje, akatazama drafti kupitia nondo na kukohoa apendavyo.

Siku hiyo ugomvi ulianza kabla hata kete haijasogezwa. Kinyozi alifika akihema, mkoba wa mashine begani. Refa alikuwa amesimama karibu na saa yake ya kuamshia, ile yenye kengele mbili kichwani.

"Umechelewa dakika kumi na mbili," alimwambia. "Mwisho ni kumi."

"Refa, nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Nimwache nusu upara?"

"Ungemwambia aje kesho."

"Dakika mbili, Refa. Mbili tu."

"Ningekunyoa sikio nikakuambia ni kidogo tu, ungekubali?"

Watu walicheka, lakini hawakumcheka kinyozi, walimcheka Refa na ukali wake. Kinyozi alisimama akamtazama mgongo alipogeuka. "Nyani haoni kundule," alisema, si kwa sauti ya kunong'ona. "Ipo siku, mama." Refa alikata jina lake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, iliyoandikwa mgongoni mwa kalenda ya mwaka juzi, kwa mstari ulionyooka uliopigwa kwa rula.

Kisha ikaja kura. Vikaratasi viliwekwa kwenye kopo la rangi, Refa akalitikisa mbele ya wote. Hapo ndipo kaka yake alipofungua kinywa.

Kaka yake alikuwa fundi redio, mkubwa kwake kwa miaka mitatu, na kwa drafti hakuna aliyekana kuwa ana mkono. Walikuwa hawaongei. Waliishi mtaa mmoja, walinunua chumvi duka moja, na habari ya msiba au ugonjwa ilipita kwa wifi. Chanzo ni ule ufunguo. Baba yao alipokuwa anakata roho, miaka tisa nyuma, aliutoa chini ya mto akamkabidhi binti. "Kaka yako ana mkono mzuri," alisema, "lakini ana haraka." Kaka hakuwepo chumbani, alikuwa amekwenda kutafuta gari. Aliporudi, baba amekwisha kufa na ufunguo uko shingoni mwa mdogo wake. Tangu siku hiyo aliamini, na alimwambia kila aliyepeleka redio kutengenezwa, kwamba dada yake alimpekua maiti.

"Litikise vizuri, mdogo wangu," alisema sasa, kwa ile sauti ya upole inayokera. "Wewe kwa kuficha vitu nakufahamu."

Refa alimsogezea kopo. "Chukua wewe wa kwanza," alisema. "Ukiona kimefichwa kitu, sema." Kaka alichukua karatasi yake, akaisoma, akaitia mfukoni.

Mashindano yakaenda. Nani asiyejua mashindano yanavyokwenda? Mtu anashindwa anasema meza inayumba. Mwingine anasema jua lilimpiga machoni. Fundi bomba alidai mpinzani wake anapumua kwa makusudi. Refa alizunguka kati ya meza nane na daftari lake, mikono nyuma, na kila alipopita mabega yalikakamaa. Muuza magazeti alitolewa kwa kunyanyua nyusi. Hakubisha sana, alichukua kofia yake akaenda zake nyumbani. Kufika saa nane mchana walikuwa wamebaki wawili: kaka, na mwashi.

Mwashi alikuwa mtu wa maneno machache, vidole vimepasuka kwa saruji. Alicheza kama anavyojenga, tofali juu ya tofali, hana pupa. Mchezo wa kwanza alishinda yeye. Wa pili akashinda kaka, kwa kasi, akiziburuza kete mpaka ubao ukalia. Wa tatu ndio wa kumaliza.

Refa alisimama mahali pake. Nitakwambia alichokuwa anafikiri, maana si siri tena: alikuwa anamwombea mwashi. Alimwombea kwa moyo wote. Hakutaka kumkabidhi kaka yake kikombe cha ubingwa alichokiacha baba, hakutaka kumshika mkono, hakutaka kuisikia ile sauti ya upole ikitoa shukrani. Lakini moyoni ni moyoni, uso ni uso, na uso wake alikuwa ameufunga miaka tisa. Yeye aliamini hivyo.

Mchezo ulikuwa umemwelemea kaka. Alikuwa na kete tano, mwashi sita, na moja ya mwashi ilikuwa imebakiza hatua mbili iwe kingi. Mwashi akafikiri sana. Kisha akasogeza ile ya kwenda kuwa kingi, na kwa kuisogeza akasahau. Upande wa kushoto, pembeni kabisa, alikuwa na kete ya kula. Ilikuwa wazi kama mlango. Pengine uchovu, pengine ni kule kuutamani ukingi, mwashi hakuiona.

Na kaka naye hakuiona. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka kwenda kwenye kete nyingine, upande wa pili. Alikuwa anakwenda kushindwa na alijua, na mtu anayekwenda kushindwa hutaka kujua nani anafurahi. Akainua macho amtazame dada yake, amkute anachekelea.

Hakumkuta anachekelea. Alimkuta ameuma mdomo wa chini, upande wa kushoto, meno yamezama.

Miaka arobaini ikarudi mara moja. Baba yao aliwafundisha drafti wote wawili kwenye kipande kimoja cha ubao, na yule mdogo, kila alipoona kete ya kula iliyosahauliwa, aliuma mdomo vile vile kwa kujizuia asiropoke. Kaka alimshinda utoto mzima kwa kumtazama mdomo tu. Mkono wake ukasimama hewani. Akarudisha macho ubaoni, akayapitisha polepole, akaiona. Akaokota kete ya mwashi kule pembeni, akaipuliza.

Baada ya hapo palikuwa na pengo, na kwenye pengo kaka alikula mbili kwa mkupuo, halafu nyingine, na mwashi akaegemea kiti, akakubali. Watazamaji nyuma ya kamba walipiga makofi. Hakuna aliyeona kitu. Wangeona nini, kama miaka yote waliwekwa mgongoni?

Refa alisikia maumivu mdomoni. Aligusa kwa kidole, akaona damu kidogo. Hapo akajua.

Alikwenda kwenye kabati kuchukua kikombe, kile cha bati chenye mkono mmoja, na kaka yake akamfuata kana kwamba anakwenda kupokea. Walisimama bega kwa bega wakiutazama mlango wa kabati. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kusimama karibu kiasi kile.

"Ule mdomo bado unao," alisema kaka, taratibu.

Refa alifungua kabati.

"Sikia. Kikombe sikitaki, hata nikinywea maji hakina kazi. Mimi ndiye bingwa leo. Waambie macho yamechoka, huwezi tena, ufunguo unaniachia mimi. Watu watakupigia makofi, utakwenda zako na heshima yako."

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi. Kikombe watanipokonya, sawa. Nikikosa mimi, ukose na wewe."

"Hawatakuamini, kaka."

"Ndiyo," alisema kaka, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na upole wowote. "Hawataamini kwamba wewe ni mwongo, maana hujawahi kusema uongo. Kwa hiyo kataa. Kataa mbele yao, mimi nikisikia. Mimi na wewe tutajua."

Refa alishika kikombe. Tusimfanye malaika: alipima. Akikataa, atalala na ufunguo shingoni, na watu wale wale wanaomchukia ndio watakaomtetea. Kila mmoja wao angekula kiapo kwamba Refa hawezi kufanya hivyo. Na kaka yake angepita dukani kila asubuhi, angenunua chumvi, angemtazama mdomo. Akimwachia ufunguo kimya kimya, itakuwa baba alikosea. Alifikiri ni lipi linaloumiza kidogo, akakumbuka kwamba yeye huwauliza watu kidogo ni kiasi gani.

Akapiga kengele ya mezani.

"Mchezo wa mwisho umeharibika," alisema. Hakugeuka haraka, lakini aligeuka, akawatazama usoni. "Kete ya pembeni ilionyeshwa. Nimeionyesha mimi. Nimeuma mdomo, kaka yangu ameuona, akapuliza. Anayeashiria anatoka nje na aliyefaidika ameshindwa. Bingwa ni mwashi."

Halafu ikaanza furaha, na ilikuwa furaha mbaya. Fundi bomba alipiga paja. Kinyozi, aliyebaki kutwa nzima kwa hasira tu, alisimama juu ya kiti. "Mkuki kwa nguruwe," alisema, na watu watano wakammalizia kwa pamoja, "kwa binadamu mchungu."

Kaka hakucheka. Alikuwa amepauka. "Miaka tisa yote," alimwambia dada yake, "hata siku uliyonisaidia umeniharibia." Akavuta koti lake kwenye kiti, kiti kikaanguka, akaondoka bila kukiinua.

Mwashi ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote, tena hasira ya haki. Refa alimwekea kikombe mbele yake, na juu ya kikombe ufunguo na kamba yake nyekundu. Mwashi alivitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

"Mimi nilishindwa," alisema. "Nilisahau kula, nikapulizwa. Sasa naambiwa nimeshinda. Mnagombania marehemu wenu juu ya mchezo wangu. Ndugu wakigombana, mimi ni mtu wa kuchukua jembe nikalime."

"Kanuni inasema bingwa," alisema Refa.

"Najua inachosema." Mwashi akauokota ufunguo, akautia mfukoni pamoja na rula yake ya kazi. Kisha akainua uso kwenye ubao ulio juu ya mlango, akasoma, midomo ikisogea. "Inasema pia anayeashiria atoke. Bado kuna mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu. Mlango ule, mama."

Refa alichukua daftari lake. Akakumbuka kwamba daftari ni la klabu, akaliacha. Kamba ilishushwa ili apite, na hakuna aliyemgusa wala kumsemesha. Alisikia kinyozi akihesabu hatua zake kwa sauti mpaka kizingitini.

Nje jua lilikuwa kali. Angeweza kwenda nyumbani, lakini nyumbani kulikuwa na sare hamsini za kutia vifungo, na miguu haikutaka. Akazunguka nyumba. Msoma Mita alikuwa kwenye benchi, juu ya mto wake, amekumbatia chupa ya dawa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alikohoa, kikohozi kirefu chenye maji ndani, akajifuta mdomo kwa leso. Kikohozi kile kilikuwa cha ugonjwa, na kilikuwa cha ugonjwa miaka minne nyuma vile vile. Refa akakaa mwisho wa benchi, mahali ambapo ubao ulikuwa umepasuka.

Ndani, mwashi alikuwa amesimama pale pale aliposimama yeye, mgongo kwa watazamaji. Refa alitazama kupitia nondo akashangaa. Ubao wa drafti ulionekana nusu. Wachezaji walionekana utosi. Lakini uso wa mwashi, ukiwa umeelekea dirishani na mwanga wote wa mchana, ulionekana mpaka kovu la kidevuni. Mchezaji mmoja aliposogeza kete vibaya, jicho la mwashi likatetemeka.

"Umeona," alisema mzee. Haikuwa swali.

"Wewe uliniona leo?"

"Leo?" Mzee alicheka kifuani. "Kila fainali unauma mdomo. Mwaka ule muuza mkaa alipofika fainali uliuma mara tatu. Mwaka jana kinyozi alisahau kula, ukauma mpaka nikadhani utautoboa. Miaka minne nimekaa hapa, kazi yangu ni kusoma mita. Nakusoma wewe."

Refa aliwafikiria wote aliowatoa: muuza magazeti na nyusi zake, na mzee huyu na kifua chake. Aliwafikiria wale wachezaji, mwaka baada ya mwaka, wameinama mezani, na yeye juu yao anawaonyesha kete kwa meno. Klabu nzima waliamini kwamba mama yule ni mbaya lakini ni wa haki. Hata yeye aliamini hivyo, na lile la pili ndilo lililomsaidia kulibeba la kwanza.

"Kama ni kila mwaka," alisema, "mbona hawakuona? Walikuwa wamekaa mbele yangu. Mmoja tu angeinua macho."

Mzee alifungua chupa, akanywa, akafunga.

"Nani akutazame wewe?" alisema.

Ndani mwashi alipiga kengele. Refa aliiangalia mikono yake, akaikunja. Mzee akakohoa tena, akamalizia, akatulia.

"Niwie radhi, mzee," alisema Refa. "Kwa kukutoa. Ilikuwa kifua."

Msoma Mita hakumsogezea mto wala hakugeuza kichwa. Alikuwa anautazama uso wa mwashi kupitia nondo, amekunja jicho kama anayetafuta tarakimu ya mwisho.

"Marahaba," alisema.